Video Inapokwama: Kutafuta Tatizo Kati ya Sebule na Bahari

Jambo nililoombwa kulizungumzia linasumbua nyumba nyingi za Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi. Umelipia intaneti ya mwezi mzima, familia imekaa sebuleni, filamu imefika patamu, mara picha inaganda na kile kiduara kinaanza kuzunguka. Wa kwanza kulaumiwa ni kampuni ya mtandao. Anayefuata ni kifurushi: "Hiki kidogo, tupande cha juu." Wengi wamepanda, wakalipa zaidi, na wiki iliyofuata kiduara kilikuwa palepale.

Hoja yangu ni moja tu. Kukwama kwa video ni dalili, na dalili hiyohiyo inaweza kuwa imetoka sehemu nyingi tofauti, kuanzia kwenye runinga yenyewe mpaka kwenye mkongo uliolala chini ya bahari. Anayeongeza kifurushi kabla ya kujua tatizo liko sehemu gani anabahatisha kwa fedha zake. Na katika nyumba nyingi nilizoingia kwa kazi hii, tatizo halikuwa nje. Lilikuwa ndani ya kuta.

Tuanze na namna video inavyotufikia, kwa sababu asiyeijua njia hawezi kujua ilipozibika. Filamu unayoitazama haiji kama faili moja refu. Kule kwenye seva imekatwakatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kimeandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora: kimoja hafifu, kimoja cha kati, kimoja safi kabisa. Apple ilitangaza mtindo wake wa kufanya hivi, HLS, mwaka 2009, na mwaka 2012 ukafuata mtindo wa kimataifa unaoitwa DASH. Programu iliyo ndani ya runinga au simu yako ndiyo inayochagua. Inaagiza kipande, inapima kimechukua muda gani kufika, kisha inaamua kipande kijacho kiwe cha ubora upi. Vipande vilivyokwisha kufika huvihifadhi kidogo kabla ya kuvionyesha. Akiba hiyo ni kama simtanki la maji juu ya paa: maji ya bomba yakikatika kwa dakika chache, aliye bafuni hajui chochote, yakikatika kwa muda mrefu kuliko akiba iliyopo, ndipo bomba linapokohoa.

Kwa hiyo ukiona picha imefifia ghafla, nyuso zimekuwa za mabakamabaka, halafu baada ya sekunde kadhaa zikasafika, ujue programu imeshuka ngazi ili isikwame. Hiyo ni kazi nzuri inayofanyika. Kiduara hutokea pale ambapo hata ngazi ya chini kabisa imeshindwa kufika kwa wakati. Na ile tabia yetu ya zamani ya kusimamisha video na kwenda kupika chai ili ijipakie yote, siku hizi haisaidii sana, maana programu nyingi huhifadhi kiasi fulani tu mbele kisha hungoja.

Mpira wa moja kwa moja una shida yake. Filamu ipo tayari yote kwenye seva, kwa hiyo akiba inaweza kuwa ya dakika nzima au zaidi. Lakini goli ambalo halijafungwa haliwezi kuwekwa akiba. Mtangazaji akitaka uone mechi karibu na wakati wake halisi, lazima akupe akiba ndogo, ya sekunde chache. Ndiyo maana mtandao uleule unaocheza tamthilia usiku kucha bila shida unaweza kukwama mara nne katika mechi ya Simba na Yanga. Ndiyo maana pia jirani mwenye king'amuzi cha dishi anapiga kelele za goli wakati wewe bado unaona kona ikiandaliwa.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Netflix inapendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, megabiti 5 kwa 1080p, na megabiti 15 kwa picha ya 4K. Zingatieni neno megabiti. Baiti moja ina biti nane, kwa hiyo kifurushi cha megabiti 20 kitakupakulia faili kwa megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, na aliyekuuzia hajakudanganya. Megabiti 20 zinazofika kwa utulivu zinatosha runinga tatu za 1080p kwa wakati mmoja na bado pakabaki nafasi ya simu za watoto. Nyumba yenye runinga moja inayokwama kwenye kifurushi cha 20 haina tatizo la udogo wa kifurushi. Kuna kitu kinachozuia zile megabiti 20 zisifike kwenye runinga, na hata ukinunua 50, zote zitazuiliwa palepale.

Tutajuaje ni wapi? Chukua kompyuta, ichomeke kwenye ruta kwa waya wa mtandao, zima waifai ya kompyuta hiyo, kisha pima kasi. Waya huo ni wa bei ndogo na mara nyingi ulikuja ndani ya boksi la ruta ukaishia kwenye droo. Baada ya hapo chomoa waya, washa waifai, pima ukiwa umesimama karibu na ruta. Halafu nenda kakae mahali penyewe ilipo runinga, upime tena. Vipimo hivi vitatu vinakupa picha nzima. Ikiwa kwa waya unapata 20 na kwenye kochi unapata 3, usimpigie simu mtoa huduma. Kazi yake ameifanya mpaka kwenye kisanduku. Zilizobaki ni mita nane ambazo ni mali yako.

Kipo kipimo kingine ambacho mafundi tunakipenda kuliko cha kasi. Kwenye kompyuta hiyohiyo fungua dirisha la amri na uandike "ping" ikifuatiwa na namba ya ruta yako, ambayo aghalabu ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1 na imebandikwa chini ya kisanduku. Kompyuta itaituma pakiti ndogo hadi kwenye ruta na kukuambia imerudi baada ya milisekunde ngapi. Kwa waya jibu huwa chini ya moja. Kwa waifai nzuri huwa mbili, tatu, tano. Ukiona inatoka 4 inaruka 180, inarudi 6, inakwenda 300, kisha inaandika kwamba jibu halikuja kabisa, basi umeona ugonjwa kwa macho yako, na pakiti hiyo haijatoka hata nje ya mlango.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu waifai ndiyo inayotesa watu wengi.

Ruta za nyumbani huwekwa mahali palipomfaa fundi aliyekuja kufunga: karibu na tundu alilopitishia waya wa faiba, nyuma ya runinga, au chini kabisa karibu na soketi. Baadaye mama mwenye nyumba, kwa kupenda sebule nadhifu, anaificha ndani ya kabati la vyombo vya udongo na kuifunika kitambaa cha kufuma. Kitambaa chenyewe hakizuii mawimbi, ila kinazuia joto kutoka, na ruta inayochemka hupunguza kazi au hujizima na kujiwasha. Kabati lenye vioo vya kujitazama, friji iliyo jirani, runinga yenyewe yenye bamba la chuma mgongoni, na zaidi ya vyote hodhi la maji, hivyo ndivyo vinavyokula mawimbi. Maji hunyonya mawimbi ya waifai vizuri sana. Chuma huyarudisha yalikotoka.

Kisha kuna kuta. Nyumba za Mji Mkongwe na za mji wa kale wa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene ambazo zimefanya kazi kubwa ya kuzuia jua kwa vizazi. Zinazuia na waifai kwa bidii ileile. Fleti mpya za Kariakoo zina zege lenye nondo. Nimesikia wauzaji wakimwambia mteja kwamba ruta yenye antena sita itapenya popote. Msiwaamini. Nguvu ya kurusha mawimbi imewekewa kikomo na sheria za mamlaka za mawasiliano, na hata ruta ikipaza sauti, simu yako ndogo bado inatakiwa ijibu kwa nguvu yake ndogo.

Ruta nyingi za leo hurusha katika masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini imejaa. Katika masafa hayo kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na katika jengo lenye fleti ishirini nyote mnagawana hizo tatu. Bluetooth iko humohumo. Oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, kwa hiyo kama video hukwama kila mtu anapopasha chakula, sababu ndiyo hiyo. Ya 5 ina nafasi kubwa na utulivu, ila huchoka haraka ikikutana na ukuta. Runinga iliyo chumba kimoja na ruta iunganishwe kwenye 5. Simu ya bibi iliyo chumba cha mwisho ibaki kwenye 2.4. Kama ruta yako imeyaunganisha masafa yote kwa jina moja na runinga inang'ang'ania 2.4, ingia kwenye mipangilio uyatenganishe kwa majina mawili.

Vile vifaa vidogo vya kutazamia video vinavyochomekwa nyuma ya runinga vina jambo lao. Vikichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la HDMI vinabanwa kati ya chuma cha runinga na ukuta, mahali pabaya kuliko pote kwa antena. Kipande kifupi cha waya wa HDMI, kile cha kurefushia, hukitoa kifaa pembeni ya runinga, na nimeona hilo peke yake likimaliza malalamiko ya miezi.

Dawa iliyo bora kuliko zote ni waya. Runinga nyingi janja zina tundu la mtandao, na hata kama tundu hilo ni la megabiti 100 tu, linatosha 4K mara sita. Waya wa kawaida wa mtandao unafanya kazi hadi mita 100. Fundi akija kufunga faiba, msimamieni. Mwambieni apitishe waya mpaka kwenye runinga siku ileile ukuta unapotobolewa. Kuhusu vile visanduku vya kuongeza waifai vinavyochomekwa kwenye soketi, vya bei nafuu husikiliza na kurusha kwa redio ileile moja, kwa hiyo hugawa kasi karibu nusu, na ukikiweka ndani ya chumba ambacho waifai imeshakuwa dhaifu, kitaurudia udhaifu huohuo. Kiwekwe katikati ya njia, au kiunganishwe kwa waya.

Tuseme sasa waya umepitishwa na vipimo ni vizuri, lakini kila ifikapo saa mbili usiku video inakwama. Hapo tunakutana na tatizo ambalo hata wahandisi walichelewa kulielewa: foleni.

Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Marekani ambaye jina lake lilikwisha kujulikana kwa kazi yake kwenye mfumo wa X wa kompyuta, alikuwa nyumbani kwake akituma mafaili makubwa akaona intaneti yake yote imekufa, ingawa laini yake ilikuwa nzuri. Alichokigundua ni kwamba vifaa vya mtandao vilikuwa vimewekewa kumbukumbu kubwa mno ya kupanga pakiti. Bei ya kumbukumbu ilikuwa imeshuka, watengenezaji wakazimwaga humo wakidhani wanasaidia. Matokeo yake pakiti haidondoki, inangoja kwenye mstari kwa sekunde nzima au zaidi, na chochote kilicho nyuma yake kinangoja vilevile.

Ninyi mtauliza, kutuma kunahusiana nini na video ambayo tunaipokea? Kunahusiana sana. Kila pakiti za video zinapofika, kifaa chako hurudisha vijipakiti vya kukiri kwamba zimefika. Seva isipopata ukiri huo hupunguza mwendo. Sasa simu ya kijana imerudi kutoka harusini na picha mia nne, imeshika waifai ya nyumbani, na kama ilivyopangwa inaanza kuzipandisha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Laini ya kupandisha, ambayo katika vifurushi vingi ni nyembamba kuliko ya kushusha, inajaa pomoni. Ukiri wa video yako umesimama kwenye mstari nyuma ya picha za harusi.

Kuthibitisha ni rahisi. Piga "ping" kwenda 8.8.8.8, anwani iliyo nje kwenye intaneti, nyumba ikiwa imetulia, uangalie namba. Kisha mwambie mtu atume video kubwa huku ukiangalia. Ikiwa milisekunde 30 zimegeuka 700, umeipata foleni. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kuidhibiti waliyoiita CoDel, na marehemu Dave Täht pamoja na wenzake wakaiendeleza mpaka ikawa fq_codel, ambayo huitenga mistari ili mkubwa asimzibie mdogo. Wengi wa watu hawa walitoa kazi yao bure, na kila nyumba inayotazama video kwa amani leo inadaiwa nao shukrani. Kama ruta yako ina mpangilio wa kudhibiti foleni uitwao SQM, au inakubali programu ya OpenWrt, uwashe, na uweke kikomo cha kasi kwenye asilimia 85 hadi 90 ya ulichopima, kushusha na kupandisha. Unaipoteza sehemu ndogo ya kasi ili foleni ikae ndani ya ruta yako mwenyewe, inayojua kuipanga. Kama ruta haina uwezo huo, panga simu zipandishe picha usiku wa manane, na kompyuta zipakue masasisho saa hizohizo.

Kuna wakati mtandao hauna hatia yoyote. YouTube ina kidirisha cha takwimu za uchezaji ndani ya menyu ya mipangilio. Kwenye kompyuta bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video utakiona. Kinakuonyesha kasi, akiba iliyopo kwa sekunde, na idadi ya fremu zilizodondoka. Akiba ikiwa sekunde 25 na picha bado inaruka huku fremu zilizodondoka zikiongezeka, kifaa ndicho kilichoshindwa. Video za siku hizi zimebanwa kwa mitindo kama HEVC na AV1, na kifaa kisicho na chipu ya kuzifungua hulazimika kufanya hesabu zote kwa nguvu hadi kipate joto. Shusha ubora, au tafuta kifaa kingine.

Na wale wanaosema Netflix yao haisafiki ng'o hata kwa megabiti 100: angalieni mpango mnaolipia, kwa maana ule wa simu huishia 480p. Angalieni pia kisanduku chenyewe. Visanduku vingi vya Android vya bei ya kutupa havina cheti cha ulinzi cha Widevine cha ngazi ya L1, na Netflix huvipa picha ya 480p tu. Hakuna kifurushi cha intaneti kinachoweza kubadili hilo.

Tutoke nje ya nyumba. Kwenye faiba, ukurasa wa ruta huonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, namba hasi yenye dBm. Kwa faiba ya aina ya GPON, ambayo ndiyo iliyoenea majumbani, kiwango kinachokubalika ni kati ya -8 na -27 hivi. Kila inaposhuka kwa 3, mwanga umepungua nusu. Namba ikiwa -28 au -29, kuna waya uliokunjwa, kiungo kichafu, au panya amefanya kazi yake. Tazameni kwanza nyuma ya kochi: uzi wa faiba ukikunjwa kona kali, mwanga huvuja. Laini ya GPON hubeba gigabiti 2.5 za kushusha na hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64, kwa hiyo saa za jioni lawama kwa mtoa huduma zinaweza kuwa za haki kabisa. Wenye ruta za 4G na 5G wao wazisogeze dirishani, upande wa mnara, na wapime alfajiri na jioni. Tofauti kubwa maana yake mnara umeelemewa.

Wengine hushauri kubadili DNS, huduma inayotafuta anwani za tovuti: kunaweza kuharakisha kuanza kwa video, lakini kwa kawaida hakuzuii kukwama. VPN ikiwa imewashwa, izimeni kabla ya kupima chochote, kwa sababu inaweza kuwa inaipitisha video yenu Ulaya na kuirudisha.

Na siku nyingine tatizo liko baharini kweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo usiguse ruta yako, usije ukavuruga mipangilio mizuri. Jaribu huduma mbalimbali. Tangu mwaka 2012 Netflix huwapa watoa huduma mashine za kuhifadhia filamu ndani ya mitandao yao, na Google hufanya vivyo hivyo kwa YouTube, kwa hiyo inawezekana video inayopendwa na wengi ikacheza huku barua pepe haifunguki. Kwa sababu hiyohiyo kipimo kimoja cha kasi hakitoshi: kile cha kawaida huchagua seva iliyo karibu, pengine ndani ya kampuni yenu, wakati fast.com hupima mpaka kwenye mashine za Netflix zenyewe. Tumieni vyote viwili.

Mkishafanya haya na tatizo likabaki, ndipo mpige simu. Andikeni kwenye karatasi: kasi kwa waya, saa ya kupima, siku, namba ya mwanga, ping ya kwenda kwenye ruta na ya kwenda nje. Mhudumu akianza kuwaambia mzime ruta na kuiwasha, msomeeni karatasi. Akiwaambia mpande kifurushi, mwulizeni kwa nini kwa waya mnapata 6 katika kifurushi cha 20. Kampuni isipojibu, hapa Tanzania malalamiko hupelekwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na Kenya hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano, mkiambatanisha karatasi ileile yenye tarehe na saa.